Meya Aliyebaki Kitabuni

Timothy Arege alichapisha tamthilia ya Mstahiki Meya mnamo 2009. Ndani yake Meya Sosi anatawala Cheneo huku dawa zikikosekana na wafanyakazi wakigoma. Ilipotahiniwa katika shule za upili, mwanafunzi wa Kiuu aliisoma pamoja na Wakenya wenziwe. Lakini kufuatia Katiba ya 2010, mabaraza ya miji yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Ruiru ikabaki bila meya, na Kiuu ikawa wadi ya Kaunti ya Kiambu. Kijana akawa anacheka cheo kisichokuwapo tena.

Wayunani walikwisha kuipitia hali hii. Mwaka wa 424 K.K., Aristophanes alimkejeli Cleon, kiongozi wa Athens, jukwaani, naye Cleon yu hai tena ana nguvu. Takriban karne tano baadaye, chini ya dola ya Kirumi, walimu wa balagha walimsoma Aristophanes zaidi kwa ajili ya ufasaha. Quintilian alisema kwamba, ukimwondoa Homer, hakuna utungo unaomlea msemaji vyema kuliko ile komedia kongwe. Pollux alichuma msamiati wake, akaupanga katika kitabu alichomtunukia Commodus, mwana wa kaizari. (Kejeli iliyomtesa mtawala ikawa zawadi ya ikulu!) Plutarch alimpenda zaidi Menander, aliye mpole. Aelius Aristides naye aliwasihi watu wa Smyrna wakomeshe kabisa desturi ya kutukanana kwa mizaha katika sherehe zao.

Darasani Kiuu mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwanafunzi aliagizwa kubainisha kinaya, tashbihi na sifa za Sosi, akapewa alama zake. Si haki kuudharau ujuzi huo, kwani asiyejua kinaya hutambuaje anapodhihakiwa? Hata hivyo, mtihani haukumtaka aangalie nje ya dirisha: takataka za sokoni, au zahanati iliyo karibu na kwao.

Lucian wa Samosata alikuwa Mshami. Kigiriki fasihi alikipata shuleni, kama vile mtoto wa Kiuu, aliyekulia katika Kikuyu na Sheng, anavyokipata Kiswahili sanifu. Alijifunza maneno yale yale ya komedia waliyoyakusanya wenziwe. Kisha akayaelekeza kwa wanafalsafa wanafiki na matapeli wa dini wa zama zake, akiwemo Alexander wa Abonoteichus, ambaye alimtaja kwa jina.