Sehemu ya 6: Picha ya kivuli cha mtumbwi

Leo nimetoka zamu mapema, mtoto amelala, chai iko pembeni. Tuendelee.

Sehemu iliyopita niliwasimulia tulivyokuwa tunawapigia simu mama ambao watoto wao wamepitwa na chanjo. Mmoja wenu akaniuliza: "Nesi, mnawapigia simu sawa, lakini mnajua kwa nini hawaji?" Swali hilo limenikaa wiki nzima, kwa sababu kuna kipindi mwenzenu nilikuwa nadhani najua.

Wakati huo nilikuwa zahanati moja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, mwendo mfupi tu kutoka mwaloni. Akina mama wengi wa pale wanaishi kwa dagaa. Boti zikiingia alfajiri wananunua kwa ndoo, wanaanika mchangani, wanageuza, wanafukuza kunguru, jioni wanazoa na kuuza. Kwenye rejista yetu, pembeni ya majina ya watoto wao, kulikuwa na neno moja linajirudia: hakurudi. Mdomoni tuliongeza na mengine. Wazembe. Wanapenda hela kuliko watoto. Nasema "tuliongeza", lakini sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa yangu.

Basi akaja mtafiti, binti wa chuo, mpole, na vibali vyake vyote mkononi. Nikajua ni wale wa dodoso: una watoto wangapi, nyumba ina bati au nyasi, weka tiki. Kumbe yeye alikuja na kamera ndogo nane kwenye begi. Akasema hatawauliza mama kwanza, atawapa kamera wakapige wenyewe, wiki mbili, chochote kinachoonyesha maisha ya kulea mtoto chini ya miaka miwili pale mwaloni. Nikacheka kidogo. Nikamwambia, dada, hizo kamera utazikuta sokoni.

(Zilirudi zote nane, niseme mapema.)

Njia hii inaitwa fotovoisi, yaani mtu anasema kwa picha. Haikuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, walipewa kamera ili waonyeshe wenyewe hali ya afya na kazi zao, na watafiti wawili, Caroline Wang na Mary Ann Burris, ndio walioiandika kama njia ya utafiti. Makala yao inayojulikana zaidi ilitoka mwaka 1997. Binti alinisimulia picha moja ya huko ambayo sijaisahau: mtoto mchanga amelazwa peke yake katikati ya shamba la mboga, mama yake yuko nyuma anapalilia. Ukiiona haraka unasema huyu mama vipi? Ukimsikiliza yeye, unaanza kuuliza nani mwingine angemshika huyo mtoto, na nani angepalilia.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mtaona nilivyoelewa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mafunzo, na kwa kweli kamera yenyewe ilichukua nusu saa tu. Muda mwingine wote ulikwenda kwenye adabu ya picha. Usipige sura ya mtu bila kumwomba. Mtoto wa jirani, muombe mama yake. Usipige mtu akiwa uchi, mgonjwa au amelewa. Usijiweke hatarini kwa sababu ya picha, ukiona mtu amekasirika weka kamera chini. Na ruhusa ya kupigwa picha siyo ruhusa ya kuonyeshwa, hiyo ya pili inaombwa upya. Mama mmoja alijitoa siku ya tatu, mume wake alitaka kujua kamera imetoka kwa nani. Binti hakubishana, alienda akaichukua, akamshukuru, na hakumuuliza zaidi. Nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Wiki mbili zilipoisha picha zilitakiwa kusafishwa mjini. Nilikuwa naenda kufuata mambo yangu, nikajitolea kuzibeba. Wakati wa kurudi, ndani ya daladala, bahasha iko mapajani. Haikuwa yangu. Nikaifungua. Nikaanza kupekua kama mtu anayeangalia albamu ya harusi, mpaka nikafika kwenye picha ya mtoto amebanwa kwenye ubavu wa mtumbwi mbovu, juu ya kipande cha khanga, jua la mchana, nzi wamemtua mguuni. Nyuma yake dagaa zimetanda mchangani. Namba ya nyuma ilikuwa ya mama ninayemfahamu. Hapa nitamwita Mama Shija, siyo jina lake.

Nilipofika nikamwonyesha mwenzangu wa zamu. Nikamwambia, "Unaona sasa? Hawa ndio wale wa hakurudi." Akatikisa kichwa. Tukamhukumu mtu pale kwenye chumba cha sindano kwa dakika mbili, tukaendelea na kazi.

Siku ya kujadili tulikaa chini ya mwembe nyuma ya zahanati. Binti hakutaka nikae nao, aliniambia wazi kwamba mama hawezi kusema kweli mbele ya nesi anayemchoma mtoto wake sindano, na alikuwa sahihi kabisa. Nikainuka. Mama Shija ndiye aliyesema, "Abaki. Asikie." Wenzake wakakubali. Nikakaa, lakini kwa namna alivyolitamka hilo neno, ningependa zaidi kuondoka.

Kila mama alichagua picha zake tatu kati ya zote alizopiga. Hiyo ni sehemu ya njia yenyewe, mtafiti hachagui. Kisha anaulizwa maswali machache, hayana makuu: tunaona nini hapa, ni nini hasa kinaendelea, kinahusu vipi maisha yetu, kwa nini iko hivi, tufanye nini. Wengine walileta foleni ya madumu. Mmoja alileta picha ya bibi yake mzaa mama akimwogesha mtoto kwenye beseni, akasema, "Hii siyo shida, hii ni nguvu yangu." Tukacheka, tukafurahi.

Mama Shija akaweka picha zake chini, moja, mbili, tatu, kwa mstari. Zote za mahali pamoja. Mtumbwi uleule.

Ya kwanza ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Kivuli cha mtumbwi kirefu, mtoto amelala katikati yake amenyooka vizuri. Ya pili saa nne. Kivuli kimepungua, mtoto amesogezwa, khanga nyingine imefungwa kwenye kasia kumuongezea kivuli. Ya tatu saa sita, ile yangu ya kwenye daladala. Kivuli kimebaki kama upana wa mkono, na mtoto yuko ndani yake.

"Mimi nafuata kivuli," akasema. "Naanika, narudi kumsogeza. Nageuza dagaa, narudi kumsogeza. Nikimbeba mgongoni na lile jua anachemka. Nikimwacha nyumbani, namwacha na nani?"

Halafu akaweka kidole kwenye pembe ya picha ya tatu. Mimi pale niliona takataka, kitu cheupe kimewekewa jiwe. Akasema, "Hii ni kadi ya kliniki. Nimeifunga kwenye nailoni isilowe. Nilitoka nayo nyumbani saa kumi alfajiri ili nikimaliza nije moja kwa moja. Siku hiyo nilikuja, saa saba kasoro. Nesi huyu hapa akaniambia nirudi wiki ijayo."

Jamani.

Nilikumbuka. Niseme tu kwa nini nilimrudisha, siyo kujitetea, ni ili mjue mambo yalivyo upande wetu. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga kwenye kichupa, cha kwetu kilikuwa cha dozi 10. Ukishauchanganya na maji yake, una saa 6 tu, zikipita unamwaga kilichobaki. Kwa hiyo tulikuwa tunawakusanya watoto asubuhi, tunafungua, tunachoma wote pamoja. Mama akija peke yake mchana tulikuwa tunaona dozi tisa zinazokwenda kumwagwa. Hatukuwa tunamwona yeye. Shija alikuwa ametimiza miezi 9 zamani, na ile ilikuwa mara ya pili mama yake kurudishwa. Kwenye rejista niliandika nini? Hakurudi.

Swali la nne, kwa nini iko hivi, ndilo lililonifundisha kazi upya. Mama mwingine akadakia: siku za kliniki mnazipanga kwa wiki, sisi dagaa zetu zinafuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga, asubuhi mwalo umejaa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, boti zinapumzika, na sisi tunapumzika. "Ungetuita siku za mbalamwezi, Nesi, tungejaa mpaka nje."

Miaka minne pale na mimi dagaa nala kila wiki. Sikuwahi kuuliza. Usiku huo nilichukua rejista na kalenda, nikaanza kuhesabu nyuma siku zetu zilizododa. Nyingi ziliangukia giza. Sasa niwe mkweli, mama nane na picha zao hawakupi asilimia, na binti alisisitiza hilo: huwezi kusimama ukasema mama wote wa ziwani wako hivi. Rejista inakwambia ni wangapi hawakuja. Picha na maneno ya mwenye picha vilinipa sababu moja ambayo rejista isingenipa hata ningeikodolea macho mwaka mzima.

Na picha bila maneno yake? Mimi nilikuwa na picha hiyohiyo mkononi, kwenye daladala, na nikaelewa kinyume.

Nilimwomba radhi siku ileile, mbele ya wenzake, kwa kumrudisha. La bahasha lilinichukua siku mbili zaidi kulisema. Nilimfuata mwaloni. Alinyamaza, akaendelea kugeuza dagaa, kisha akauliza, "Ulimwonyesha nani?" Nikamtaja. Akasema, "Basi umwambie na yeye nilivyosema." Nikaenda nikamwambia. Binti naye nilimweleza, na tangu siku hiyo picha alizibeba mwenyewe.

Kilichobadilika siyo kikubwa sana, msinipambe. Mganga mfawidhi alikubali meza ya chanjo ikae mpaka saa tisa siku mbili kwa wiki, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawa anapita mwaloni kutangaza kliniki ya mbalamwezi. Ya maji na ya mahali pa kuwaacha watoto yalipelekwa kwenye kikao na mtendaji wa kata, yakaandikwa. Nilipohama yalikuwa bado yameandikwa.

Kwenye kikao hicho akina mama ndio waliochagua picha za kubandika ukutani. Wote tulitaka zile tatu za mtumbwi. Mama Shija akakataa. Akasema mtoto wake hatabandikwa ukutani aonwe na wanaume wa kata nzima na nzi mguuni. Binti akamwambia sawa, mara moja, bila kumbembeleza. Jioni Mama Shija akaomba kamera tena, akaenda akapiga mtumbwi mtupu, kivuli chake, na kadi juu yake na jiwe. Hiyo ndiyo iliyobandikwa.

Kwa hiyo wale mtakaoniuliza kwenye komenti picha iko wapi: haipo na haitakuwepo. Na nyinyi mama zangu, akija mtafiti kwenu na kamera, au hata mtu wa mradi na simu yake, muulizeni picha atazitunza nani, zitaonekana wapi, na kama mkibadili mawazo zinafutwa. Ukijisikia kukataa, kataa, huduma ya mtoto wako haipungui kwa hilo. Ukikubali, usiishie kutoa picha. Kaa, uieleze mwenyewe, na wahakikishe maneno yako yameandikwa.

Shija alichomwa surua na rubela akiwa na miezi 11. Mama yake alifika saa nane mchana, ndoo kichwani, peke yake kwenye benchi. Nilifungua kichupa. Alilia huyo mtoto mpaka wa maabara wakatoka kuchungulia. Mama yake akaichukua kadi, akasoma tarehe ya kurudi akiwa na miezi 18, akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Hiyo ni giza, Nesi. Sogeza mbele kidogo."

Nikasogeza.

Sehemu ya 7 ni ya yule bibi wa kwenye beseni, nimeshamwomba ruhusa na amekubali. Usiku mwema.