Aibu ya Gari Kuukuu

Kitu kipya husifiwa kwa mambo ambayo hakijayatenda bado. Kitu kikuukuu husifiwa, au hulaumiwa, kwa mambo kiliyokwisha kuyatenda. Watu husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na msemo huu una kweli ndani yake. Lakini walio wengi duniani hawana uwezo wa kuununua unyemi huo. Hununua kilichokwisha kutumiwa na wengine, na pamoja nacho hununua siri zake.

Hali hii ilimpata mwalimu mmoja wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba. Mama yake alikaa Konde, kaskazini ya kisiwa, na kila mwezi hakuwa na budi kuja Chake kutazamwa na daktari. Magoti ya bibi huyo yalikuwa yamechoka, na kupanda gari la abiria lenye ngazi ya juu kulikuwa kwake adhabu. Mwalimu alikuwa na pikipiki, lakini pikipiki si kipando cha ajuza wa miaka sabini. Basi aliiuza, akaongeza akiba yake ya miaka minne na sehemu ya bei ya karafuu za mama yake, akapata shilingi milioni sita. Kwa fedha hizo mtu hapati gari jipya. Hupata gari dogo, fupi, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo chake, nalo limekwisha kuzeeka katika nchi nyingine.

Miongoni mwa magari ya namna hiyo limo Toyota Vitz. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, na ndugu yake wa Ulaya, aitwaye Yaris, alishinda tuzo ya gari la mwaka la bara hilo kwa mwaka 2000. Huko Japani gari la mtu binafsi hukaguliwa kwa amri ya serikali baada ya miaka mitatu tangu liwe jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona heri kuliuza kuliko kulitengeneza. Kwa kuwa Wajapani, kama Watanzania, huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani wao uko kulia, na gari lililochokwa kwao huja huku likatumika kama lilivyo. Redio tu hukataa kuhama. Redio nyingi za magari hayo zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya 76 hadi 90, na stesheni nyingi za Afrika Mashariki zimo juu ya hapo. Mwenye gari asipofunga kifaa cha kugeuza masafa, husikia mvumo mtupu.

Gari ambalo dalali alimtafutia mwalimu lilikuwa la mwaka 2002, la rangi ya fedha, mali ya karani mstaafu wa Wete. Mwalimu alikwenda asubuhi pamoja na fundi wake. Fundi hakuitazama rangi. Kwanza alitia kiganja juu ya boneti, akaikuta baridi, akaridhika. Kwa maana muuzaji mjanja huitia injini moto kabla ya mgeni kufika ili uzito wake wa kuamka usijulikane. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Alifungua kifuniko cha oili akatazama chini yake, kwani maji yakiingia katika oili huacha utando mweupe kama wa chai ya maziwa. Injini ilipowashwa alisimama nyuma akautazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usiokoma ni maji. Mwisho alitoa sumaku iliyofungwa katika kitambaa, akaipitisha ubavuni mwa gari, kwa sababu sumaku hushika chuma lakini haishiki lipu iliyopakwa mahali chuma kilipoliwa na kutu. Kazi yake ilikuwa kama ya mtu anunuaye dau: hupigapiga mbao asikilize sauti yake, kwa kuwa kalafati mpya huweza kuficha ubao mbovu mpaka siku ya kwanza ya bahari.

Aliona kutu kidogo chini ya zulia la nyuma, jambo lisilo ajabu katika kisiwa ambacho upepo wake una chumvi. Zaidi ya hapo hakuona kitu. Dalali alianza kutabasamu. Ndipo yule mzee aliposema:

"Mwanangu, fundi wako amefanya kazi njema, lakini ugonjwa mkubwa hajauona. Giaboksi ikipata moto hushtuka inapotoka gia ya pili kwenda ya tatu. Twendeni Konde turudi, mtauona."

Walikwenda. Katika kurudi, kwenye kilima, gari lilishtuka kama punda aliyepigwa bakora. Dalali, ambaye ujira wake ulitegemea bei, alishindwa kujizuia.

"Mzee, haya ungaliyaacha. Mwenzako amekuja na fundi wake."

"Fundi ni wake, lakini gari ni langu," mzee alijibu. "Aibu ya gari nikiificha, itakuwa aibu yangu."

Jibu hili lilikuwa na elimu ndani yake. Katika sheria ya Kiislamu ya kuuziana, ambayo wengi kisiwani huisoma kwa masheikh wao, ila ya kitu kinachouzwa huitwa aibu; na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo, naye hakuijua, ana khiyari: kukirudisha kitu au kukaa nacho. Kiswahili kimelipokea neno hilo na kulipa kazi mbili. Aibu ni ila ya kitu, na aibu ni fedheha ya mtu. Giaboksi haina haya wala kutu haioni soni. Ila ya chuma hugeuka fedheha pale tu mwenye ulimi anapoinyamazia.

Mwalimu aliona shaka kwanza. Alifikiri kuwa mtu atajaye ila moja huenda anaficha kumi. Lakini shaka yake haikumtazama mzee kwa muda mrefu. Iligeuka ikamtazama mwenyewe. Juma lililopita alikuwa ameuza pikipiki yake kwa kijana mmoja muuza samaki wa Wesha. Aliiuza alfajiri, injini ikiwa baridi, baada ya kuitia oili mpya nzito. Maana alijua kuwa ikienda nusu saa hutoa moshi wa buluu. Kijana aliuliza, "Mwalimu, haina tatizo?" Naye alijibu, "Unaiona mwenyewe." Neno hilo halikuwa uongo, wala halikuwa kweli.

Mzee alipunguza shilingi laki nane kwa ajili ya giaboksi. Karatasi iliandikwa mbele ya sheha na mashahidi wawili, na ila ile ikatajwa ndani yake. Mwalimu alirudi Chake na gari, na fedha za kulitengeneza zikiwa mfukoni. Jioni ile, badala ya kwenda kwa fundi, alishuka Wesha.

Alimkuta kijana akiosha matenga yake. Alimweleza habari yote, akampa khiyari: airudishe pikipiki apate fedha zake, au akae nayo apokee gharama ya matengenezo. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Moshi nimeujua tangu siku ya pili, mwalimu. Nilikuwa nikingoja kuona kama utakuja."

Alichagua kukaa na pikipiki, akapokea laki tano. Zilizobaki hazikutosha kwa giaboksi.

Mwezi uliofuata mwalimu alimchukua mama yake kutoka Konde. Bibi aliingia garini bila ya kuinuliwa, akajaribu redio, ikavuma tu, akaizima. Walipofika kwenye kilima gari lilishtuka, naye akashika mlango.

"Gari lako lina nini, mwanangu?"

"Lina aibu moja, mama, nami naijua."

"Ikiwa waijua," mama alisema, "basi nenda polepole."