Kisiwa Kilichopata Hati

Kisiwa chetu hakikuwa na mwenyewe, kilikuwa na wenyewe. Kiko katikati ya mto Rufiji, si mbali na Utete, na kila mwaka maji ya masika yalipopungua, bibi na wenziwe walivuka kwa mtumbwi kugawana matope upya. Mto ulikuwa umekata huku na kujaza kule, kwa hiyo mipaka ya mwaka jana haikumsaidia mtu. Walipanda mlau: mahindi, kunde na maboga kwenye udongo wenye unyevu, bila kungoja mvua.

Tulilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Usiku bibi alivuta ngazi juu, akawasha moto juu ya udongo aliokandika sakafuni ili fito zisiungue, na nguruwe wakija alipiga debe na kuwatukana kwa majina ya watu aliogombana nao kijijini. Tulicheka mpaka dungu likatikisika.

Mimi nasema kisiwa kilianza kuuzwa mwaka 1969, ingawa hakuna aliyelipa hata senti. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya nchi ya juu. Hoja ilikuwepo: shule, zahanati, usalama. Lakini shamba likabaki safari. Wazee waliendelea kuvuka. Sisi watoto tulizoea barabara. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, vijana walihamia kando ya lami Ikwiriri, na madungu yakaanguka moja baada ya jingine. Mnunuzi alipokuja kutoka Dar es Salaam, alionyeshwa pori.

Tena tusisingizie hila. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano huo sauti kubwa: eneo lisilozidi hekta 250 haliendi kwa waziri, wanakijiji wenyewe hukubali au kukataa. Yule bwana alitaka kujenga kambi ya watalii, aliahidi mabati ya ofisi, na mikono ikanyooshwa. Mzee mmoja aliuliza, "Na mto ukikihamisha?" Watu wakacheka, mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Swali hilo lilistahili jibu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hesabu mita 60 kutoka kila upande wa kisiwa kile, uone kama katikati patabaki pa kusimamisha hata choo. Hakuna aliyekuja na futi kamba mkutanoni, nami nikiwemo.

Sasa kuna bikoni za saruji na mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni mdogo wangu wa mwisho. Shangazi akivuka kukata matete ya uzio, humkuta amesimama na sare.

"Shangazi, shikamoo. Lakini inabidi nimpigie meneja kwanza."

"Marahaba. Mpigie, mwambie nimelima hapa kabla mama yake hajaolewa."

Hupiga kweli, na mara nyingi meneja hukubali. Mshahara wa ulinzi ndio unaomsomeshea mdogo wangu wanawe, na karo ya mkubwa ilipopungua mwaka juzi, Shangazi ndiye aliyemshauri aombe kulipwa mapema.