Kiporo cha Ate

Wiki iliyopita bumu lilikuwa limeshakata na jingine halijaingia. Mwenzangu wa chumba akafunua sufuria, akakuta wali wa jana umekauka, akataka kuumwaga. Nikamwambia subiri kwanza. Dakika kumi baadaye korido nzima ilikuwa inanukia kitunguu saumu, na majirani wawili wamesimama mlangoni wakijifanya wamekuja kuomba chaja.

"Hii umejifunza wapi?"

"Kwa Ate," nikajibu, nikaendelea kupakua. Leo naisimulia yote, pamoja na kipande ambacho huwa nakiruka.

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilikwenda Muscat kumtembelea mama mdogo, nikakaa naye miezi mitatu huku nasubiri majibu ya vyuo. Mama mdogo anashona mabaibui kwenye duka moja la ushonaji mtaa wa Ruwi. Nyumba walipanga wanawake watatu: kila mtu chumba chake, jiko moja. Mmoja wao alikuwa Mfilipino, kazi yake saluni, kwao Batangas, kusini mwa Manila. Tulimwita Ate. Si jina lake. Kwa Kitagalogi ni dada mkubwa, na hutamkwa vilevile linavyoandikwa. Kiingereza chake cha saluni na changu cha shule ya kata vilikutana katikati, tukaelewana.

Nilitegemea kuona vyakula vya ajabu. Nikaona wali. Asubuhi wali, mchana wali, usiku wali. Kinachobadilika ni "ulam", yaani kile kinachoteremshia wali. Sisi Tanga tunasema mboga, hata ikiwa ni nyama. Kila jioni akirudi kazini, kabla hajavua viatu, anachungulia jikoni na kuuliza ulam ni nini leo. Nilicheka sana siku ya kwanza, kwa sababu ni mama yangu mtupu: "Leo mboga nini?"

Chakula chake cha siku za kazi kilikuwa adobo. Vipande vya kuku, siki, sosi ya soya, kitunguu saumu kingi, pilipili manga nzima na jani kavu la kunukia. Vyote vinaingia sufuriani na maji kidogo, vinachemka taratibu mpaka kuku anaiva na mchuzi unakuwa mzito. Ukishatia siki usikoroge mpaka ichemke, alinionya, la sivyo ladha inabaki mbichi. Kwao Batangas wapo wanaoacha soya na kutia manjano. Wengi huko hupika adobo kwa nguruwe, lakini masufuria yalikuwa ya shirika na mama mdogo ni Mwislamu, kwa hiyo humo ndani ilikuwa kuku tu. Hakuna aliyeandikiana mkataba. Alianza tu hivyo, siku aliyohamia.

Kile kiporo kilichowavuta majirani zangu anakiita sinangag. Chukua wali uliolala, uliohifadhiwa vizuri. Ukiwa umeanza kuteleza, tupa. Uvunjevunje kwa mkono mpaka punje ziachane. Katakata punje sita za kitunguu saumu, zikaange kwa moto mdogo hadi rangi ya dhahabu. Ukiziunguza zitakuwa chungu. Toa nusu uweke pembeni, mimina wali, tia chumvi, geuza mpaka upate moto sawasawa, kisha nyunyiza ile nusu juu. Ukiwa na yai, likaange uliweke juu yake. Huko kwao wali huo na yai vina jina moja la pamoja, silog, na mbele yake unaongeza jina la ulam uliyonayo.

Sasa ulam aliyoipenda Ate kuliko zote ilikuwa tuyo. Ni samaki wadogo waliokaushwa kwa chumvi, anawakaanga kwenye mafuta. Hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa mwezi wa saba. Muscat mwezi wa saba hufungui dirisha, joto linapita nyuzi 40, kiyoyozi kinaunguruma usiku kucha. Harufu ikishaingia haitoki. Jumamosi moja asubuhi nikaamka, nikatoka chumbani nimeziba pua kwa ncha ya khanga. Yeye yupo pale kwenye jiko. Hakusema kitu. Baadaye nikamlalamikia mama mdogo kwamba nguo zangu zote zinanuka, hivi huyu mtu hawezi kula kitu kingine? Mama mdogo alichoka siku hiyo, hakutaka maneno. Akaenda kumwambia Ate kwa upole, kama inawezekana, apunguze.

Hakupunguza. Aliacha kabisa. Tuyo hakukaanga tena, na Jumamosi asubuhi akawa anakula mkate na jamu. Mimi nikaona mambo yameisha.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi tena, nilikuwa naosha vyombo. Yeye kakaa mezani, simu kaiegemeza kwenye chupa ya siki. Saa mbili asubuhi ya Muscat ni saa sita mchana Batangas. Siku hiyo binti yake haendi shule, na yeye saluni anaingia mchana. Ndiyo wakati pekee wa wiki ambao wanakula pamoja, mama staftahi, mtoto chakula cha mchana. Nilimsikia mtoto akiuliza kitu, Ate akacheka kidogo, kicheko cha kumalizia mazungumzo. Alipokata simu nikamuuliza mtoto kasema nini.

"Kauliza kwa nini siku hizi hatuli chakula kimoja."

Binti alikuwa na tuyo kwenye sahani yake. Walikuwa wamekubaliana zamani: Jumamosi, huku na kule, samaki mmoja, wali mmoja. Ate alikuwa na mwaka wa nne hajamshika mtoto wake mkono, lakini Jumamosi walikuwa wanakula meza moja. Mimi nilikuwa nimekiondoa chakula hicho mezani kwa sababu ya nguo zangu.

Nilimweleza mama mdogo usiku ule. Akaniangalia kwa muda. "Wewe si umekulia ng'onda?" akasema. "Bibi yako akichoma papa nani aliziba pua?"

Sikuwa na la kujibu. Papa mkavu ananuka nyumba tatu. Kwetu tunaita hamu.

Kuomba radhi kwa Kiingereza cha kuunga niliona aibu, nikapika. Nilinunua samaki, nikamkaanga, nikamwekea tui zito, ukwaju na pilipili, na wali wa nazi pembeni. Ate akaonja mchuzi, akaweka kijiko mezani. Akasema huu ni ginataan, kwao kila kilichopikwa kwa tui ni ginataan. Akanionyesha kwa mikono jinsi mama yake anavyokaa kwenye kigoda chenye ulimi wa chuma kukuna nazi, na mimi nikamwonyesha mbuzi yetu kwa mikono vilevile. Tukaacha vijiko, tukala kwa mkono. Mwishoni tuligombania ukoko. Wao wanauita tutong.

Ndipo nikamwambia, "Ate, Jumamosi kaanga samaki wako. Samahani."

"Na nguo zako?"

"Nitafua."

Jumamosi ile alikaanga tuyo, na akapika champorado, uji wa mchele na kakao, mtamu. Vinaliwa pamoja: kijiko cha uji, kipande cha samaki wa chumvi. Usinicheke, jaribu kwanza. Akaigeuza simu, binti yake akaniona natafuna, akapiga makofi.

Mimi nasomea ualimu. Kwenye saikolojia ya elimu tunafundishwa kumheshimu mwanafunzi na mazingira anayotoka, na mtihani nilifaulu. Lakini somo lenyewe nilikuwa nimeshalifeli jikoni Ruwi, mbele ya mtu aliyeacha nguruwe bila kuombwa, halafu akaacha samaki kwa kuombwa na mimi.

Turudi chumbani. Wakati tunakomba ule wali, mwenzangu akakaa kimya, halafu akavuta begi lake chini ya kitanda. Yeye ni wa Ukerewe. Akatoa mfuko umefungwa mara tatu, ndani yake dagaa aliotumiwa na mama yake. Muhula mzima ulikuwa humo, nami sikujua.

"Nikikaanga humu," akauliza, "hamtakwazika?"

Nikainuka nikafungua dirisha. Nikamwambia aweke mafuta, na kitunguu saumu bado kipo.