Injini Chini ya Kiti

Mmetuzoea kwa mitandio na magauni, leo tunawaletea injini. Msikimbie.

Sisi ni wanawake watatu wa Unguja tunaofanya biashara ya nguo za harusi huku Tarime, mkoani Mara. Gari yetu ni Noah ya zamani, zile ambazo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Kila wiki tunapeleka mzigo Nyamongo na vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyakunguru ikiwemo. Kuna kipindi gari ilianza kuunguruma kama trekta, na mwenzetu anayekaa mbele akawa kila safari anashuka kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Majirani wakasema hasad. Hasad ipo, dini imetufundisha kujikinga nayo, na kisomo tulisoma. Ila fundi mmoja mzee pale Nyakunguru aliuliza swali moja tu: "Mama, akikaa nje kinapoa?" Kinapoa. Akainua kiti.

Alituonesha masizi meusi pale manifodi ya ekzosi inapokutana na hedi ya injini. Gasketi imekufa, akasema, moshi unapanda kwenu kabla haujafika kwenye bomba. Na moshi huo una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, inayoshika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, na asipotolewa haamki. Kwa mjamzito, mtoto tumboni yumo hatarini zaidi ya mama.

Kwa hiyo mabibi harusi, ile ya kukaa ndani ya gari vioo vimefungwa, injini inawaka kwa ajili ya AC, eti mnamsubiri mpiga picha, tafadhalini fungueni vioo. Na gari ya kukodi ikiwa inanguruma kupita kiasi, uliza ekzosi kabla ya kuuliza mapambo.

Tulimwomba mzee atufundishe na mengine. Alipojua sisi mafundi cherehani akacheka, "Basi mnajua tayari." Kweli. Kwenye cherehani ya miguu, pedali inapanda na kushuka, chuma kirefu kinazungusha gurudumu. Kwenye injini anayepanda na kushuka ni pistoni, anayezungushwa ni krenki, na badala ya mguu wako ni moto. Pistoni ina safari nne: inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikibana, plagi inatoa cheche na mlipuko unaisukuma chini, kisha inapanda tena ikifukuza moshi. Hapo krenki imeshazunguka mara 2. Na mnajua sindano isipokutana na ndoano ya bobini kwa wakati wake, inaruka au inavunjika? Taimingi ya injini ni hivyo hivyo, ila huku ikivunjika ni valvu, na bei yake si ya sindano.

Moshi ukitoka kwenye manifodi unapita paipu, unaingia katalisti inayopunguza sumu, halafu sailensa inayomeza kelele, ndipo unatoka nyuma. Katalisti ina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake, ndiyo maana wapo wanaoikata na kukuwekea paipu tupu. Tunauza nguo mlangoni pa mgodi, kumbe madini tumeyakalia! Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, mweusi petroli imezidi, mweupe usioisha maji yanaingia kwenye silinda. Ule mweupe kidogo wa asubuhi si kitu, Tarime kuna baridi.

Mmeshaanza kujiuliza kuhusu stara. Buibui la mikono mipana na feni beleti havipatani, hilo halina mjadala. Tulijishonea koti refu la dengrizi, pana, lenye lastiki mikononi, na mtandio mfupi tunauingiza ndani ya kola. Gereji tunakwenda wote watatu, tunakaa nje uwanjani mbele za watu. Mzee mwenyewe si Muislamu, lakini adabu yake ilitutosha.

Wenye hamu ya kujifunza huko nyumbani, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni, na Vitongoji kwa ndugu zetu wa Pemba. Kaulizeni fani ya magari.

Gasketi ilibadilishwa siku ile ile. Kabla ya kulipa tukaomba ile ya zamani tuishike mkononi, imeungua upande mmoja kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Mwenzetu alirudi Tarime kiti cha mbele, akisoma kaswida njia nzima.