Kipaji Ni Amana

Msomaji, hapana mtu azaliwaye mikono mitupu. Kila mmoja wetu huja duniani na kitu alichotiwa kiganjani kabla hajajua kukifumba. Huyu amepewa sauti, yule amepewa jicho la kupima na kunyosha, na mwingine amepewa subira ya kumwuguza mgonjwa pasipo kunung'unika. Kitu hicho twakiita kipaji, na jina lenyewe latukumbusha kwamba hatukukinunua wala hatukukichuma, bali tulipewa. Kitu cha kupewa kina mtoaji, na aghalabu mtoaji ana kusudi lake. Kwa hiyo swali la kijana si kama anacho kipaji au hana. Swali ni hili: atakitumiaje, na kwa faida ya nani?

Wengi wetu katika Kenya tulianza kulijibu swali hilo kanisani. Huko ndiko tulikosimama mara ya kwanza mbele ya watu, magoti yakitetemeka, tukasoma somo au tukaimba. Jambo hili si geni katika dini. Kitabu cha Kutoka chasimulia habari za fundi aitwaye Besaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Mungu alimwita kwa jina lake, akamjaza ustadi wa kazi za dhahabu, fedha na shaba, wa kuchonga mawe na kukata miti, ili aitengeneze maskani ya ibada kule jangwani. Alipewa na mwenzi, Oholiabu wa kabila la Dani, na wote wawili wakatiwa moyo wa kuwafundisha wengine. Tazama, basi: ustadi, imani na mafunzo vilikwenda pamoja, kama mafiga matatu yabebavyo chungu kimoja. Ukiondoa figa moja, chungu huanguka na chakula humwagika.

Nataka kukusimulia jinsi nilivyoondoa figa moja nikiwa kijana, na jinsi chungu kilivyoanguka.

Nililelewa katika milima ya Taita, katika kijiji ambacho kanisa lake lilikuwa la mawe na mabati, juu ya mgongo wa kilima. Asubuhi ukungu uliingia hata ndani, tukaimba kama watu walio katika mawingu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na mwalimu wa kwaya alikuwa amenifundisha kuandika nota za solfa. Siku moja alituambia kwamba kila mwenye uwezo ajaribu kutunga wimbo mmoja, na ulio bora ungeimbwa katika tamasha la makanisa ya wilaya. Nilijiona kuwa mtunzi hata kabla sijatunga. Nilikaa na karatasi wiki mbili, nisipate hata mstari mmoja wenye uhai.

Kila Jumamosi jioni, mjane mmoja mzee alikuja kulifagia kanisa. Hakuwa mwimbaji wa kwaya, wala hakujua kusoma. Alipokuwa akifagia aliimba kwa sauti ya chini, kwa Kidawida, wimbo wa kungoja mvua. Ulipanda polepole kama mtu apandaye kilima na mzigo, kisha ulishuka ghafula. Jumamosi moja niliketi nyuma ya nguzo na karatasi yangu, nikauandika. Nikabadili maneno machache, nikayatia Kiswahili, nikaondoka kabla hajamaliza kufagia. Siku ya pili nilimpa mwalimu wimbo ule, na juu yake nilikuwa nimeandika jina langu.

Wimbo ulipendwa. Uliimbwa kanisani, kisha katika tamasha, na watu wakasimama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi sikuwa hata mgema, maana tembo lenyewe lilikuwa la mwingine. Wazee wa kanisa walisema kwamba kijana mwenye kipaji kama hiki asirudishwe nyumbani kwa ukosefu wa karo. Jumapili moja yakafanywa mchango, na karo ya muhula mzima ikapatikana. Mjane yule alikuja mbele pamoja na wengine. Alifungua pindo la leso yake, akatoa sarafu moja, akaiweka katika sahani. Alinitazama, akatabasamu, akarudi mahali pake.

Sitasahau sauti ya sarafu ile ilipogonga sahani.

Tangu siku hiyo sikuweza kutunga. Nilipoanza wimbo, nilisikia ufagio. Watu waliniomba wimbo mwingine, nikatoa visingizio. Leo kichwa, kesho masomo. Hapo ndipo nilipoona kwamba wizi wa kitu cha mkono humnyima mwenyewe mali yake, lakini wizi wa kazi ya akili humnyima mwizi mali yake mwenyewe. Mjane hakupungukiwa na wimbo. Aliendelea kuuimba kila Jumamosi. Mimi ndimi niliyefilisika.

Mwaka uliofuata kwaya ya shule yetu ilialikwa kuimba upande wa Murang'a, nasi tukapelekwa kulitazama Kanisa la Mtakatifu Yakobo. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Waagikuyu waliouawa katika siku za vita vya Mau Mau, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1955 na Geoffrey Fisher, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ndani ya kanisa hilo mna michoro mikubwa ya ukutani iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Mlima Kilimanjaro, aliyesomea sanaa katika Chuo cha Makerere. Michoro hiyo yasimulia maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hata kusulubiwa.

Nilikuwa nimezoea picha zilizotoka Ulaya, ambamo Bwana ana nywele za rangi ya majani makavu. Kumbe hapa alikuwa Mwafrika katika nchi ya Waafrika, na vilima vilivyokuwa nyuma yake vilikuwa vilima vile vile tulivyovipita njiani. Mchoraji hakuazima macho ya mtu. Habari ilikuwa ile ile ya kale, lakini aliyeisimulia alikuwa ameitazama yeye mwenyewe, mahali alipokuwa. Baadaye nilisoma kwamba Njau, ambaye mwaka wa 1965 alianzisha pamoja na wenzake nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa katika Nairobi, alikuwa akiwafundisha vijana kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Mwaka wa 1997 moto uliteketeza kazi nyingi katika nyumba hiyo, naye na mkewe wakaanza tena. Siku ile nilikuwa sijayajua hayo. Nilisimama tu mbele ya ukuta, nikaona aibu. Mtu huyu alipewa ukuta mtupu, akautoa moyo wake. Mimi nilipewa karatasi tupu, nikauiba moyo wa mjane.

Niliporudi nyumbani wakati wa likizo, nilikwenda kanisani Jumamosi jioni. Sikujificha nyuma ya nguzo. Nilimwamkia, nikamwambia, "Bibi, wimbo ule ni wako. Niliuchukua."

Hakuacha kufagia. "Najua, mjukuu wangu," akasema. "Niliutambua siku ya kwanza. Lakini uliuchukua bila mwisho. Hukungoja nimalize."

Akanieleza kwamba aliutunga mwaka wa njaa alipomzika mtoto wake wa mwisho, na kwamba baada ya ubeti wa kungoja mvua mna ubeti wa mvua yenyewe, inyeshayo juu ya kaburi na juu ya shamba pia. Aliniimbia. Nikafahamu kwa nini wimbo niliousifiwa ulikuwa ukinipa baridi kila ulipokoma: niliwafundisha watu kungoja, nisiwaambie kwamba mvua ilikuja. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningesema, ungenyamaza kwa hofu. Nilitaka useme mwenyewe. Nami sarafu yangu sikuitoa kwa ajili ya wimbo, niliitoa usome."

Nilitubu mbele ya mwalimu, naye akanipeleka kwa wazee. Hapo maneno yalikuwa mawili. Baadhi yao walitaka jambo lifunikwe, wakisema kwamba kanisa lingechekwa wilaya nzima. Mzee mmoja aliniambia kwa ukali kwamba ukweli wangu umechelewa na sasa ni hasara tupu. Mchungaji alisikiliza wote, kisha akasema kwamba nyumba inayofunika uvundo haina budi kuuvuta. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu, nikayasema niliyokuambia. Niliondolewa katika kwaya kwa miezi mitatu. Karo niliyokwisha kuitumia niliilipa kwa kazi: nilibeba mawe ya kujengea jiko la kanisa, na kila Jumamosi ya likizo nilifagia pamoja na mjane. Kwaya iliujifunza wimbo wake wote, kwa Kidawida, na ubeti wa mvua ukiwamo.

Katika Jumamosi zile, ufagio ukiwa mkononi mwangu, nilitunga wimbo wangu wa kwanza. Ulikuwa mfupi na dhaifu, na uliimbwa mara moja tu. Lakini ulikuwa wangu, na hapakuwa na mtu niliyeogopa kumtazama ulipokuwa ukiimbwa.

Msomaji kijana, huenda ukasema kwamba nyakati zimebadilika. Ni kweli. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka wa 1963 ulifungua njia ya lugha na muziki wa mataifa katika ibada ya Wakatoliki, ngoma na kayamba zimeingia hata mahali ambapo zamani zilisimama nje ya mlango. Leo wimbo wa kijijini hurekodiwa asubuhi, ukasikika mbali kabla ya jioni. Lakini urahisi wa kusikia umeleta urahisi wa kuchukua, na karatasi yangu ya nyuma ya nguzo sasa yaweza kuwa mkononi mwa kila mtu.

Kwa hiyo pokea kwangu mambo matatu, kwa kuwa niliyalipia. Kwanza, jifunze kwa wengine kwa uwazi, na utaje jina la mwalimu wako hata kama ni mfagiaji. Kujifunza si wizi. Kuficha ulikojifunza ndiko wizi. Pili, usiidharau kazi yako ya kwanza kwa sababu ni ndogo. Mche ulio wako utakua, lakini mti wa jirani, hata ukiubusu kila siku, hautakupa kivuli cha halali. Tatu, kaa na watu. Hadi leo nawafundisha vijana kuimba, na sijaona kipaji kilichokomaa pasipo masikio ya wengine ya kukisikiliza, mikono ya kukisaidia na vinywa vya kukirudi kinapokosa. Kanisa lililo hai, au jumuiya yoyote njema, haikusifu tu. Hukubebesha mawe pia, ikakungoja mpaka umalize.

Mjane yule amekwisha kufa. Tulimzika mchana, na kwaya ikamwimbia wimbo wake. Kabla hatujauanza, nilisimama kaburini nikalitaja jina la mtungaji, kama tufanyavyo sasa kwa kila wimbo, nikasema kwamba ubeti wa mwisho ndio ulio mzuri kuliko yote, na kwamba mtu asiondoke kabla ya kuusikia.