Mtaro umesimama, na lawama zimefika kwa wahami

Katika mji wetu lawama inatembea haraka kuliko katapila. Mtaro wa kando ya barabara kubwa, uliochimbwa ili upeleke maji ya mvua mtoni, umekatika katikati ya kata. Upande wa juu umejengwa kwa mawe na saruji, upande wa chini ni shimo la udongo. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwa nguvu kwenye upande uliojengwa, na yakifika pale unapokatika yanaingia ndani ya nyumba. Wamama wanaamka usiku kupandisha magodoro juu ya meza. Wenye chukudu wanazunguka mbali, na bei ya bidoni ya maji inapanda.

Nimeuliza sababu katika kila ofisi iliyonifungulia mlango. Ofisi ya mji inasema jimbo halikutuma pesa. Jimboni wanasema Kinshasa haikurudisha sehemu ya jimbo. Kampuni inasema haikulipwa, tena vita imefunga barabara na saruji imekuwa ghali. Kiongozi wa mji naye anasema alikuta kazi imesimama, aliyemtangulia alihamishwa. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, na hakuna anayekiweka kipande hicho mezani ili tuunganishe.

Sasa lawama imeshuka mpaka chini kabisa. Kwenye salongo nasikia watu wakisema mtaro uliharibiwa na wahami wa vita: eti wao ndio wanatupa taka, wao ndio wamejenga vibanda kando ya maji. Hapo naomba tusimame kidogo. Taka ziko, na wenyeji pia wanatupa. Lakini takataka haikati ukuta wa mawe katikati. Fundi aliondoka siku malipo yalipokatika, na siku ile mhami hakuwa na sahihi kwenye karatasi yoyote. Analaumiwa kwa sababu chini yake hakuna mtu mwingine wa kutupiwa lawama.

Tuangalie sheria inasema nini. Katiba ya 2006, ibara ya 175, inatoa kwa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, mitaa, sekta na usultani inasema kwamba asilimia 40 ya sehemu hiyo ya majimbo inashuka kwao. Maana yake, katika kila franka 100 za mapato hayo, 40 ni za majimbo, na 16 kati ya hizo zingefika chini kwetu. Na namna ya kuzigawanya imeandikwa: uwezo wa kila eneo kuchangia, ukubwa wake, na hesabu ya wakaaji wake.

Hesabu ya wakaaji! Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika 1984. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wana watoto wao wanaokimbia vita. Familia inayolala katika darasa la shule, au familia kumi zilizopokewa katika uwanja mmoja, haziko katika hesabu hiyo. Lakini mama mhami akiweka mafungu yake ya mboga chini sokoni, mtoza kodi anamwona vizuri na anamdai ushuru wa siku. Anahesabiwa wakati wa kulipa, anasahauliwa wakati wa kugawa.

Jambo la pili ni kiti chenyewe. Kwa sheria ile ya 2008, meya angetoka kwenye baraza la mji, na baraza lingetoka kwa madiwani tuliowapigia kura. Uchaguzi wa kwanza wa madiwani chini ya katiba hii ulifanyika Desemba 2023, na katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Kwetu Kivu ya Kaskazini, kama Ituri, utawala wa kijeshi ulianza tarehe 6 Mei 2021, na maofisa wa polisi wakawekwa kuongoza miji. Mtu aliyetumwa kutoka juu anajibu juu. Si lazima awe mtu mbaya. Ni kwamba mtaro wetu haumwondoi kwenye kiti, wala haumrudishi.

Basi tusiulize tena « ni kosa la nani? » Swali hilo linazunguka na kurudi kwa mnyonge. Tuombe karatasi tatu: mkataba wa kazi wenye bei na muda wa kumaliza, hati za pesa zilizokwisha kulipwa, na ripoti ya aliyekagua kazi. Zibandikwe kwenye ofisi ya kata, pale kila mtu anaweza kusoma. Tuziombe kwa pamoja, kupitia shefu wa kata na mashirika ya raia, ili asibaki mtu mmoja peke yake mbele ya ofisi.

Na ninyi wahami mnaonisoma au kunisikia, kikao cha kata kikiitishwa, njoni mkae mbele. Maji yanayoingia kwenye hema lenu ndiyo yanayoingia kwenye nyumba ya jirani. Mvua haiulizi nani ni mwenyeji na nani alifika juzi.